Mama Vichwa na Mlinzi wa Ndani ya Ubongo wa Samaki

Barafu kwanza, samaki baadaye. Mama Vichwa anamimina barafu iliyopondwa kwenye sinia la bati na kuisawazisha kwa kiganja kama mtu anayetandika shuka la mgeni. Kisha anavuta kiti chake kirefu na kukaa. Ndoo iko mguuni pake. Perege mmoja anapiga mkia, maji yanamrukia usoni.

"Na wewe una hasira kama umetumwa na mama mkwe," anamwambia samaki, akijifuta kwa mkono wa koti lake jeupe.

Pigo moja, samaki ametulia. Kisu chembamba kinapita nyuma ya macho, kinazunguka, na fupa la kichwa linainuka kama kifuniko cha kopo. Ndani umelala ubongo mweupe usiozidi punje ya harage. Anaunyanyua kwa kibanio, anaugusisha kwenye karatasi laini ili ifyonze damu, anautia kwenye kichupa na kukizika kichupa ndani ya barafu. Mtu aliyekuwa akikohoa mlangoni hajamaliza kukohoa.

"Ukichelewa, tunachokitafuta kinaharibika," anasema bila kuinua macho. "Nyama ya samaki itamsubiri mteja mpaka jioni. Ubongo hausubiri hata salamu. Kwa hiyo ukiingia humu ukanisalimia nisiitikie, usiende kusema nina kiburi."

Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi wa jengo la ghorofa moja, ambalo rangi ya kuta zake imechubuka usawa wa mabega kwa sababu ya watu wanaoegemea wakisubiri. Ndani kuna meza ya chuma, sinki refu, majokofu mawili ambayo moja hukoroma kama mzee aliyeshiba, na dirisha lenye wavu ulioshonwa kwa waya. Hii ni maabara inayochunguza samaki, na Mama Vichwa ndiye mtoaji wake wa ubongo.

Amevuka miaka hamsini. Shule yake iliishia ya msingi. Kisha alikaa sokoni miaka mingi akipara samaki wa watu. Wateja wenye uwezo walichukua minofu wakaacha vichwa, naye aliviosha vichwa hivyo akaviuza kwa waliotaka mchuzi lakini hawana cha kununulia samaki mzima. Vichwa kumi vilikuwa bei ya samaki mmoja. Jina likamganda hapo.

"Wengine wana majina ya watoto wao, Mama fulani," anasema. "Mimi nina watoto watatu, wote wamemezwa na vichwa."

Mmoja wa wateja wake alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani, aliyenunua vichwa tu, kila wiki, na kuomba visipasuliwe. Siku moja Mama Vichwa alishindwa kuvumilia.

"Baba, kwako mwili wa samaki ni mwiko?"

"Sili, mama. Natafuta ubongo."

"Basi umechelewa. Wenye ubongo walishaondoka sokoni, tumebaki sisi."

Mwanamume yule ndiye mkuu wa maabara, ambaye kila mtu humwita Daktari ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Wanafunzi wake huja na kuondoka kila muhula, naye alihitaji mikono inayokaa. Leo Mama Vichwa ana mshahara wa mwezi. Si mkubwa, anasema, lakini unakuja hata samaki wasipokuja.

Kwani ndani ya ubongo huo mdogo kuna nini? Mama Vichwa hulijibu swali hilo kwa kutega, na kila mgeni hutegwa.

"Kitendawili."

"Tega," anaitikia fundi wa maabara, binti mwenye kalamu sikioni ambaye kazi yake ni kuupima ubongo ukishatolewa. Jibu analijua tangu mwaka juzi, lakini haachi kuitikia.

"Mjumbe wangu akishaleta habari asipoondolewa mlangoni, nyumba nzima hutetemeka."

"Nimeshindwa, chukua mji."

Akishachukua mji wake, anafafanua. Ndani ya ubongo, uwe wa samaki au wako wewe unayesoma, chembe hizi na chembe zile huzungumza kwa kutumiana tone la kemikali. Tone hilo ndilo mjumbe. Linagonga mlango: tikisa pezi, geuka kushoto. Likishagonga mara moja yatosha, sharti liondolewe papo hapo ili mjumbe mwingine apate nafasi. Anayeliondoa ni kimeng'enya, mlinzi wa mlangoni. Wako wa aina mbalimbali, kila mmoja na wajumbe wake: huyu huondoa wajumbe wa misuli, yule hufagia wajumbe wa hofu na wa furaha.

"Sasa mfunge kamba huyo mlinzi wa misuli," anasema Mama Vichwa. "Mjumbe atagonga, atagonga, atagonga. Samaki atatetemeka, ataogelea ubavu, atachoka, atakufa. Dawa nyingi za wadudu hufanya hivyo hasa. Wadudu nao wana mlinzi huyohuyo, na dawa haijui kusoma. Haijui huyu ni kiwavi, huyu ni perege."

Somo hilo hakulipata kwa kuambiwa tu. Nusura limgharimu mdogo wake mabwawa.

Mdogo wake ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaofuga perege kwenye mabwawa waliyoyachimba kwa majembe yao wenyewe, kando ya mfereji, chini kidogo ya mahali unapopita kwenye shamba kubwa la mboga. Msimu uliopita samaki wakaanza kuogelea ubavu. Kila asubuhi wengine walielea matumbo juu. Maji yakaanza kunuka, na watu wa chini ya mfereji wakalalamika kwa kamati ya maji.

Msimamizi wa shamba alisimama mbele ya kamati, kofia mkononi, akasema kwa upole: "Kina mama hawa ni jirani zetu, tunawapenda. Lakini wamejaza samaki kama njiti kwenye kiberiti. Samaki wanakosa hewa. Msitafute mchawi."

Kamati ikaamua: kikundi kilete uthibitisho wa kinachoua samaki kabla ya kikao kijacho, vinginevyo mabwawa yafukiwe.

Jioni ileile mdogo mtu akaingia kwa dada yake bila kubisha hodi. "Dada, si unakaa na wasomi? Waambie wapime yale maji."

Mama Vichwa alilipeleka ombi, na Daktari akatikisa kichwa. "Maji hupita, mama. Dawa iliyomwagwa juzi, leo haimo. Lakini ubongo hausahau upesi. Niletee samaki wenyewe."

Wakaletwa samaki wa mdogo mtu, na wengine kutoka bwawa la juu linalojazwa na chemchemi, ambako hakuna shamba. Hao wa chemchemi, wasiofikiwa na dawa, ndio wa kulinganishia. Ubongo wa kila samaki ukasagwa, maji yake yakatiwa kwenye kikombe kidogo kisichozidi kizibo cha chupa, kisha fundi wa maabara akadondosha dawa zake za kupimia. Mlinzi akiwa mzima, maji hugeuka njano. Akiwa amefungwa, hubaki meupe.

Vikombe vya mdogo mtu vilibaki vyeupe. Furaha ilianza kuchomoza, ikarudi ilikotoka, kwa sababu vikombe vya samaki wa chemchemi navyo vilikuwa vyeupe.

"Ilikuwa kama kumpima homa mgonjwa na mzima, wote wakaonekana wanachemka," anakumbuka fundi wa maabara. "Hapo huwezi kusema mgonjwa anaumwa. Unasema kipimo kimekufa."

Dawa za kupimia zikabadilishwa. Weupe ukabaki. Jokofu linalokoroma likashukiwa, vichupa vikahamishiwa kwa mwenzake. Weupe. Mama Vichwa akaanza kujishuku mwenyewe kwamba amezeeka, mikono imekuwa mizito. Nyumbani alipopika aliuunguza wali, na mumewe, fundi baiskeli asiyekosa neno, akaula kimya kimya. Hapo ndipo alipojua kwamba mambo ni mabaya.

Wasiojua soko la samaki waelezwe kidogo. Adui wa muuza samaki ni nzi. Basi chini ya kila meza, kwenye mguu, hufungwa tambara lililoloweshwa dawa ya nzi. Haligusi samaki na mteja halioni, ila nzi wanapita mbali. Ndivyo wauzaji walivyofundishwa na waliowatangulia, na Mama Vichwa alikuwa akifunga tambara lake kila siku kama anavyofunga aproni. Mtu hajiulizi kwa nini anafunga aproni.

Wiki chache kabla ya vipimo vile, maabara ilikuwa imempa chumba kipya chenye wavu uliochanika dirishani. Nzi wakaingia. Mwanamke msafi akafanya kilichofanywa na wanawake wasafi wote anaowajua.

Kalamu ya fundi wa maabara ndiyo iliyoanguka. Binti akainama chini ya meza kuiokota, akakawia huko.

"Mama, hili tambara la nini?"

"La nzi."

"Limeloweshwa nini?"

"Dawa ya nzi, mwanangu, nini tena? Usiogope, haigusi samaki."

Binti akaomba kopo lenyewe. Akasoma maandishi madogo ya ubavuni, akayarudia, kisha akatoka nalo. Aliporudi alikuwa na Daktari.

Dawa iliyokuwa ndani ya kopo lile ni ukoo mmoja na zile zinazopuliziwa mboga. Haihitaji kugusa samaki. Hupanda kama mvuke, na juu yake palikuwa na vichwa vilivyofunuliwa, ubongo uchi. Mlinzi wa kila samaki, mgonjwa na mzima, alikuwa akifungwa kamba palepale mezani.

Mama Vichwa akaanza kuvua koti jeupe. Alijua sokoni mtu akiharibu mali ya tajiri huondoka kabla hajafukuzwa.

"Unakwenda wapi?" Daktari akamuuliza.

"Si nimeharibu?"

"Tumezunguka mtaa mzima kumtafuta mwizi, kumbe tunamlaza sebuleni. Kukikagua chumba ilikuwa kazi yangu, sikukikagua." Akamsogezea ndoo na kipande cha sabuni. "Vaa koti, mama. Tusugue."

Walisugua meza, kuta, sakafu na miguu ya kiti. Mumewe akaitwa na waya zake kuushona wavu wa dirisha. Fundi baiskeli alifanya kazi kwa madaha, akasema dirisha na gurudumu ni mamoja, yote ni kuziba pancha.

Lakini chumba safi bila samaki ni sawa na sufuria bila unga. Na samaki wa mabwawa walikuwa wamekwisha, isipokuwa wachache waliofichwa kwenye kibwawa cha pembeni. Hao walikuwa wazazi, ndio mbegu ya kikundi kizima.

Mama Vichwa alikwenda mwenyewe. Alimkuta mdogo wake na wenzake wakitoa samaki waliokufa kwa nyavu za mkono.

"Nimekuja kuomba wazazi."

"Wale wa kwanza mliwafanya nini?"

"Niliwaharibu. Kwa dawa ya nzi."

Mdogo mtu akausimamisha wavu. "Sisi huku tunalia dawa inatuulia samaki, na wewe dada yangu wa tumbo moja unawaongezea?"

Mama mmoja akacheka kwa bahati mbaya, akajifanya anakohoa. Wenzake wakakohoa pia.

"Cheka tu, mwenzangu," Mama Vichwa akasema. "Ningekuwa wewe, nami ningecheka."

"Hatucheki," mdogo mtu akasema. "Wale ni mbegu. Nikikupa, na kamati ikikataa, nitakuwa sina bwawa wala mbegu."

"Na usiponipa, utakuwa na mbegu huna bwawa. Utaipanda kwenye sufuria?"

Mdogo mtu alimtazama dada yake, akatazama mikono yake, ile mikono iliyomparia samaki wake wa kwanza wa biashara. Kisha akavua kandambili, akaingia kwenye kibwawa cha pembeni na wavu wake. Hakutaka mwingine awashike.

"Safari hii nakuja nao," akasema alipotoka, maji yakimtiririka. "Nitakaa mlangoni kwako. Nikimwona nzi, nitamfukuza kwa mdomo."

Akakaa kweli. Mama Vichwa akafanya kazi siku hiyo kama mtu anayekimbizana na mvua na nguo ziko kambani. Mmoja wa chemchemi, mmoja wa mdogo wake, kisu kilekile, barafu ileile. Hakuongea hata na samaki. Alipomaliza, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, na mdogo wake akavichukua akaviweka kwapani mwake kuvipasha moto, kama walivyokuwa wakifanya utotoni.

Fundi wa maabara akadondosha dawa zake. Wote wanne wakainama juu ya vikombe: Daktari, binti, na dada wawili.

Mwanzo hakuna kitu. Kisha kwenye safu ya chemchemi njano ikaanza kuingia polepole, kama maji yanayojifunza kuwa chai. Ikakolea. Safu nzima ikawaka.

"Wangu wako wapi?" mdogo mtu akanong'ona.

"Safu ya chini."

Safu ya chini ilikuwa nyeupe kama maji ya kisima.

"Sijapata kufurahi kwa kuambiwa wangu ni wagonjwa," akasema mdogo mtu, akajikuta amekaa sakafuni.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa hadi madirishani. Daktari aliweka sinia la vikombe mezani, akaeleza kwa ufupi, akamwachia Mama Vichwa amsimulie mlinzi wa mlangoni. Watu walimwelewa. Mzee mmoja wa kamati alirudia peke yake, "Atagonga, atagonga," akitikisa kichwa.

Msimamizi wa shamba akanyoosha mkono. Habari zina miguu, na za tambara zilikuwa zimemfikia.

"Mwenyekiti, nina swali dogo kwa mama. Je, ni kweli kwamba wao wenyewe waliweka dawa ya nzi kwenye chumba cha kupimia?"

Kina mama wa kikundi wakainamisha vichwa.

"Ni kweli," Mama Vichwa akajibu. "Niliiweka mimi, kwa mkono huu."

"Basi hao samaki wamekufa kwa dawa yako."

"Wale wa kwanza ndiyo, na vikombe vyao tulivitupa. Walipokuwa na dawa yangu, wote walikuwa weupe, wa chemchemi na wa mdogo wangu. Nikaitoa dawa, nikasugua chumba. Nikawapasua wengine, meza moja, kisu kimoja, mkono mmoja." Akakigusa kikombe cha njano, kisha cheupe. "Hawa wamepona. Hawa hawakupona. Kama sumu ilikuwa kwangu, mbona haikuwashika wote? Hawa walikuja nayo kutoka nyumbani."

Mwenyekiti wa kamati akauliza kama kuna swali jingine, na ukumbi mzima ukamgeukia msimamizi, naye akawa anaichunguza kofia yake.

Kamati ikaamua mabwawa yabaki. Shamba likaamriwa kuacha kupulizia dawa kandokando ya mfereji, lichimbe shimo lake la maji machafu mbali na mkondo, na liwape kina mama vifaranga wa samaki wa kujaza mabwawa yote. Walipotoka nje, wanawake walimpokonya Mama Vichwa mkoba, wakampokonya na viatu asiweze kukimbia, wakamtembeza pekupeku katikati yao mpaka mabwawani huku wakiimba. Mumewe alifuata nyuma akisukuma baiskeli, akimwambia kila aliyekutana naye njiani kwamba dirisha alilishona yeye.

Leo vifaranga wale wana urefu wa kiganja na wanaogelea wima. Kila shamba linapopulizia dawa, mdogo mtu huleta wachache maabara, na kikombe hugeuka njano.

Lakini mwezi uliopita alikuja mgeni mwingine kwenye ukumbi ule wa kuta zilizochubuka. Alikuwa msimamizi wa shamba, peke yake. Mama Vichwa alimkaribisha kiti na kumpa chai. Kikombe kikagonga sahani yake mfululizo, mpaka mgeni akakiweka chini na kuificha mikono mapajani.

"Mama," alisema, "huyo mlinzi uliyemsimulia. Na mtu anaye?"

"Anaye."

"Naye hupimwa kichwani?"

"Kichwa chako tukiache kilipo, baba. Tone la damu ya kidole linatosha."

Mgeni alipumua kama mtu aliyetua gunia. Tangu siku hiyo Daktari amezungumza na zahanati, wakakubaliana: kuanzia msimu ujao, wafanyakazi wa shamba watapimwa kabla ya kupulizia na baada ya kupulizia, na ambaye mlinzi wake ameanza kufungwa atapumzishwa kabla hajaanguka. Mama Vichwa ameomba yeye ndiye awatoe damu. Fundi wa maabara anamfundisha, na kwa kuwa hakuna aliyejitolea, anajifunza kwenye vidole vyake mwenyewe. Anatuonyesha vitatu vyenye alama nyekundu kwenye ncha.

Siku ile msimamizi alipokuwa akiaga, aliuliza aje lini, yeye awe wa kwanza.

"Utakuja," Mama Vichwa alimwambia. "Lakini usitangulie wewe. Watangulie wale wanaobeba bomba la dawa mgongoni."